Kuvutwa Kutoka Custom Hadi Hai Cinema

Gari lilipozima karibu na soko la Custom, hapa Juba, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kufungua boneti. Nilifunga milango. Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na gunia dogo la vitunguu kati ya miguu yake, aligeuka akanitazama.

"Ya biniya," akasema. Huniita binti hivyo, kwa Kiarabu cha Juba, anapotaka kunikumbusha umri wangu. "Tumeharibikiwa. Hatujavamiwa."

"Bado," nikajibu.

Sitaki kujipamba. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikifunga mlango wa nyumba narudi kuusukuma, nikifika njiani nawaza kama kweli niliusukuma au nilikumbuka jana. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza ameona nini mfukoni mwangu. Shangazi anasema nilizaliwa hivyo. Mama yake mwenyewe, bibi yangu, alikuwa akihama na kufuli lake kila tulikokimbilia, hata pale ambapo hapakuwa na mlango wa kulitia. Labda nimerithi kufuli.

Lakini alasiri ile nilikuwa na sababu. Gari lile si langu, ni la shangazi, na ndilo lililosimamisha hoteli yake ndogo ya chakula mtaani Hai Cinema. Unga, mkaa, mafuta ya kupikia, madumu ya maji, vyote vilipita kwenye buti lake. Yeye hajui kuendesha na hataki kujua, kwa hiyo dereva ni mimi. Jirani yetu aliwahi kuacha gari lake barabarani usiku mmoja tu, akalikuta asubuhi limekaa juu ya mawe, halina matairi wala betri, na viti vya nyuma vimeng'olewa. Aliendelea kulipangusa vumbi kwa wiki kadhaa, kama mtu anayemuuguza maiti. Nilijua kwamba kama giza lingetukuta pale Custom, shangazi angekuwa yule jirani, na mimi ndiye ningekuwa nimemfikisha hapo.

Nilijaribu kuwasha. Starta ililia vizuri, injini ikakataa. Nikafungua boneti, nikagusa nyaya moja baada ya nyingine, nikitaja majina yao kimoyomoyo. Magari nilijifundisha kama nilivyojifundisha Kiswahili cha vitabuni, peke yangu, tulipokuwa bado wakimbizi Uganda, bila mtu wa kunisahihisha, na kwa hiyo nikijisahihisha mwenyewe bila huruma. Najua majina mengi. Siku ile majina hayakusaidia. Fundi wetu, ambaye karakana yake iko nyuma ya hoteli, aliniambia kwenye simu neno moja: leteni.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wamepaki kando ya barabara walianza kututania.

"Dada, hiyo gari imechoka au imekasirika?"

"Mwambie pole kwanza, itaamka!"

"Achana naye, anaifanyia maombi."

Nilijifanya sisikii. Niliendelea kugusa waya ambao nilikuwa nimeshaugusa.

Ndipo pikapu moja ikasimama mbele yetu. Ilikuwa ya kubebea mizigo, ina kioo nyuma ya kibanda cha dereva, na upande mmoja wa nyuma yake yalikuwa yamesimamishwa magodoro mapya yaliyofungwa kwa nailoni, marefu kupita paa. Akashuka mwanamume wa makamo, mnene, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa Mganda, nilimjua kwa Kiswahili chake, na kwa ile nyabo, yaani bibie kwa Kiganda, hata kabla hajamaliza sentensi.

"Nyabo, mimi naenda huko Hai Cinema. Mimi iko na kamba. Navuta nyinyi."

Hakutaja malipo. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu akikutajia malipo makubwa, unajua anataka nini. Huyu alisimama tu akijipangusa shingo, akiangalia gari letu kutoka mbele hadi nyuma, tairi kwa tairi, kama mtu anayelinunua.

"Hii gari ya nani?" akauliza.

"Yetu," nikasema mimi.

"Yangu," akasema shangazi, wakati ule ule.

Mtu yule alinitazama, akamtazama shangazi, akanirudia mimi. Sikupenda jicho lile. Nilidhani anapima ni nani kati yetu aliye rahisi kudanganywa.

Nilimvuta shangazi pembeni. "Hatumjui," nikamnong'oneza.

"Na hawa wa bodaboda tunawajua?"

"Tusubiri mtu mwingine."

"Mwingine yupi? Huyo mwingine utamjua wewe?" Shangazi alinyanyua gunia lake la vitunguu. "Jua linakwenda. Khalas, afunge kamba."

Khalas ya shangazi ikishatoka, mazungumzo yamekwisha. Nikabaki na jambo moja tu ninaloweza kulishika: kuhakikisha kwamba kama tunavutwa, tunavutwa vizuri.

Kamba yake ilikuwa ya nailoni, ya kufungia magodoro. Alitaka kuifunga kwenye bampa. Nikamwambia bampa ya gari letu ni plastiki, itabaki na kamba yake na sisi tutabaki barabarani. Nikalala chini kwenye vumbi, nikatafuta ile pete ya chuma iliyoungwa kwenye fremu, nikapitisha kamba humo, nikaikunja iwe mbili, nikafunga fundo nililokuwa nimelifanyia mazoezi kwenye mguu wa kitanda nikifuata video ya simu. Nikalifungua. Nikalifunga tena, kwa sababu la kwanza lilikuwa limejipinda. Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Nikachukua aproni nyekundu ya shangazi kutoka kwenye buti nikaifunga katikati ya kamba, ili wenye pikipiki waione wasijaribu kupita kati ya magari mawili, na ili kamba ikikatika iwe na kitu cha kuizuia isiruke kama mjeledi.

"Hii ni harusi?" mwenye pikapu akauliza, akiitazama aproni.

"Ni usalama," nikasema.

Nikaenda kupangusa matope kwenye taa zake za nyuma. Nikamwambia akanyage breki. Hakuna iliyowaka. Nikamwambia awashe taa za kukata kona. Nazo zilikufa zamani.

"Mimi natumia mkono," akasema, bila aibu.

Basi tukakubaliana juu ya mikono. Mkono juu, anasimama. Mkono ukipungwa chini, anapunguza mwendo. Mkono ukinyooshwa au kuzungushwa, anakata kona. Nilimfanya arudie. Alirudia, akinyanyua mkono wake kama mwanafunzi, na shangazi akageuka ili asicheke mbele yangu. Nilijisikia nimetengeneza jambo kamili. Nakiri kwamba hisia hiyo naipenda kuliko ninavyopaswa.

Kisha mtu yule akasema, "Sawa. Sasa funguo nipe mimi."

"Ya nini?"

"Nakaa nayo mimi."

"Haiwezekani. Ufunguo lazima ukae kwenye swichi, umezungushwa. Ukiutoa, usukani unajifunga. Nitakata vipi kona?"

Ilikuwa kweli kabisa, na yeye, dereva kama mimi, bila shaka alijua hilo. Lakini alinitazama kama mtu aliyesikia kisingizio. Akakuna shingo. Akafikiri.

"Basi mama nakaa mbele na mimi."

"Kwa nini?"

"Nakaa tu."

"Shangazi anakaa na mimi."

"Kama mama hakai na mimi, mimi havuti."

Hapo nilikuwa tayari kufungua fundo langu zuri. Nilimwambia shangazi kwa sauti, sikujali tena nani anasikia, kwamba mtu anayetaka ufunguo kwanza halafu anataka mwanamke si mtu wa kumwamini. Mwenye pikapu alisikia. Uso wake ulibadilika, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake ndogo ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka na kuvuja weusi, kiasi kwamba hakionyeshi chochote, akaniwekea kiganjani.

"Shika. Mimi nashika mama, wewe nashika simu. Roho yako natulia?"

"Mimi si mbuzi wa kuwekwa rehani," shangazi akasema. Lakini alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu, na mkoba wake begani. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na simu yake na simu yangu pia, kwa sababu ni sheria yake kwamba nikiendesha, simu yangu inakaa kwake.

Hivi ndivyo nilivyojikuta nimefungwa kwa kamba nyuma ya mtu nisiyemjua, peke yangu garini na simu ya mgeni kwenye kiti cha shangazi.

Asiyewahi kuvutwa hajui jinsi gari linavyokuwa jingine injini ikifa. Usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Breki ukiikanyaga inakanyagika mara chache, kisha inagoma, na kila mguso baada ya hapo unahitaji mguu mzima na mgongo. Kazi ya aliye nyuma ni kuiweka kamba ikiwa imenyooka wakati wote: aliye mbele akipunguza, wewe unagusa breki kwanza, kamba isilegee, maana ikilegea halafu ikanyooka kwa ghafla ndipo inapokatika. Kwa hiyo hutazami barabara. Unatazama kamba na mgongo wa aliye mbele. Unaishi kwa nia yake.

Na mgongo wenyewe sikuuona. Gari letu lililetwa kutoka Uganda, usukani wake uko kulia. Pikapu ile usukani wake uko kushoto, kama magari yanayoagizwa Juba moja kwa moja, yaliyotengenezwa kwa barabara za kupita kulia kama hizi. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa upande wa kushoto. Nilipokaa kwenye kiti changu na kutazama mbele, nilichoona kupitia kile kioo cha nyuma cha pikapu kilikuwa kitambaa cha kichwa cha shangazi peke yake. Dereva alikuwa amefichwa na godoro lenye maua ya bluu. Niliona hivyo, na sikufikiri zaidi. Nilidhani ni bahati mbaya tu kwamba siwezi kumchunga.

Tuliondoka polepole. Aproni ilitetemeka hewani. Bodaboda mmoja alikuja kwa kasi kutoka pembeni akitaka kupita katikati, akaiona, akapinda ghafla huku akinitukana kwa lugha mbili. Nilifurahi. Aproni ilikuwa imefanya kazi yake.

Mara mbili tatu hivi pikapu ilipunguza mwendo bila ishara yoyote. Hakuna mkono. Kamba ililegea, ikaanguka barabarani, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tukianza tena ilinyooka kwa mshtuko ulionirusha kifua. Nilikasirika. Tulikubaliana, nikajisemea. Alirudia mbele yangu. Mtu aliyeahidi ishara halafu hatoi hata moja, ama ni mjinga ama anataka kamba ikatike. Na kama anataka ikatike, anataka ikatikie wapi?

Tukafika mahali ambapo njia ya kwetu inanyooka. Naijua njia ile, naweza kuiendesha nimefumba macho. Pikapu ikaanza kukata kona kuelekea mtaa wa Buluk.

Hakuna mkono.

Nilizungusha usukani kwa nguvu zangu zote kumfuata, kwa sababu kamba haikuulizi maoni yako. Hatukuwa na jambo lolote Buluk. Nikaanza kufikiria yadi zenye mageti marefu, geti likifunguliwa na pikapu ikiingia na mimi nyuma yake kama mkia, kisha geti kufungwa. Nikafikiria kuruka. Nikafikiria kwamba nikiruka gari litabaki naye, na shangazi atabaki naye. Akili yangu ilipanga yote vizuri sana, kwa mpangilio, kama ninavyopanga vikombe. Ufunguo alioutaka. Mwanamke aliyemtaka badala ya ufunguo. Malipo asiyoyataja. Taa zilizokufa.

Simu yake ikalia.

Ililia kwenye kiti cha shangazi, kwa mlio mkali wa jogoo. Niliitazama. Kioo kilikuwa cheusi tupu, hakikusema ni nani. Nikajua ni wenzake. Wanauliza amefika wapi, mlango ufunguliwe. Nikaiacha ilie. Ikanyamaza, ikaanza tena. Ikanyamaza, ikaanza tena. Anayepiga alikuwa na haraka. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye usukani, na hata ingekuwa huru nisingeigusa.

Kisha nikamwona shangazi.

Alikuwa amegeuka mzima kwenye kiti, uso wake kwenye kioo cha nyuma. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa sikioni, mwingine ulikuwa ukipiga kioo kwa kiganja, halafu ukinielekeza mimi, halafu ukipiga kioo tena. Nilikuwa sijawahi kumwona shangazi yangu hivyo. Huyu ni mwanamke ambaye hata sufuria ya mafuta ikishika moto huifunika kwanza, halafu ndipo anauliza nani aliiacha.

Nilikanyaga breki. Nilisimama juu yake, makalio yameinuka kitini, mkono mmoja umekaza usukani, mwingine ukivuta na breki ya mkono pia. Magurudumu yalilia. Kamba ilinyooka, ikawa nyembamba, nikasikia mlio kama fimbo inayovunjwa, na kitu chekundu kikaruka kuelekea kwangu kikatua taratibu juu ya boneti. Ilikuwa aproni. Kamba ilikuwa imekatika upande wa pikapu, na aproni ilikuwa imeiburuta chini kabla haijafika kwenye kioo changu.

Pikapu ilisimama hatua chache mbele. Shangazi alikuwa wa kwanza kushuka. Nilikuwa nimeshatoka nje nikimkimbilia, na nilikuwa nikilia, nadhani, au nikipiga kelele.

"Amekufanya nini?"

"Nani?"

"Huyo!"

"Anifanye nini? Kwa nini hupokei simu?" Aliinyanyua simu yake mwenyewe mbele ya pua yangu. "Nakupigia, nakupigia! Nakuonyesha, shika simu, shika simu, unanitumbulia macho kama samaki!"

Nilisimama pale nikiitazama simu yake. "Ni wewe uliyekuwa unapiga?"

"Ndugu huyu kanipa namba yake. Anasema anakata Buluk, anatoa mkono, wewe huelewi, unamvuta nyuma. Nikasema nikupigie."

Mwenye pikapu alikuja akiwa ameshika mwisho wa kamba iliyokatika. Jasho lilikuwa linamtoka zaidi. "Mimi natoa mkono!" akasema. "Natoa, natoa, mpaka mkono nauma. Wewe hapana ona?"

"Hukutoa mkono hata mara moja."

"Natoa!"

"Hukutoa!"

"Alitoa," shangazi akasema. "Nilikuwa ndani. Alitoa kila mahali."

Watu walikuwa wameanza kusimama kututazama. Mtu yule akaenda akapanda kwenye pikapu yake, na mimi nikarudi kwenye kiti changu, tujaribu ishara upya. Sikumbuki ni nani aliyependekeza. Nilisikia sauti yake tu: "Sasa?"

Niliona godoro lenye maua ya bluu.

"Sasa?" akauliza tena.

Nikashuka, nikaenda upande wa kushoto wa gari letu. Mkono wake ulikuwa umenyooka nje ya dirisha, kiganja wazi, umesimama hewani kama tulivyokubaliana. Nikarudi upande wangu. Haupo. Nikaenda tena kushoto. Upo. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilitaka kosa liwe la mtu mwingine. Nilikuwa nimelala kwenye vumbi, nimefunga fundo na kulifungua, nimepangusa taa, nimemfundisha mtu mzima alama za mikono, na sikujiuliza mkono wenyewe utatokea dirisha lipi.

Aliposhuka hakucheka. Alinitazama na kusema kwa upole uliouma zaidi ya ukali:

"Wewe nadhani mimi mwizi."

Ningeweza kukataa. Shangazi alikuwa akinitazama akiomba nikatae.

"Ndiyo," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akiwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Halafu akasema, "Na mimi nadhani wewe mwizi."

"Mimi?"

"Nauliza gari ya nani. Wewe nasema hii, mama nasema ile. Naomba funguo, wewe nakataa. Mimi nafikiri, hii gari ya wizi. Askari nakamata sisi barabarani, huyu msichana naruka, nakimbia, mimi nabaki na gari ya wizi kwa kamba yangu. Nitasema nini? Basi nafikiri, mama nakaa na mimi. Mtu hapana iba gari halafu naacha mama yake."

Shangazi alitoa sauti moja ndefu, kati ya kicheko na kikohozi. "Kwa hiyo mimi nilikuwa rehani pande zote mbili," akasema. "Na hakuna aliyeniuliza kama nimekula."

Nikamuuliza kwa nini Buluk. Akasema kwenye njia iliyonyooka kuna dimbwi, mvua ya usiku imelijaza, gari la chini kama letu likiingia humo likiwa limekufa halitoki. Aliliona asubuhi. Alieleza vizuri, bila kusita. Kesho yake nilikwenda kwa miguu kuliangalia. Dimbwi lilikuwepo. Lilikuwa dogo kuliko alivyolieleza, au labda jua lilikuwa limelikausha. Nimelifikiria sana dimbwi lile na bado sijui.

Kamba tuliifunga upya. Sasa ilikuwa fupi, na pikapu ilikuwa karibu zaidi kuliko ilivyo salama. Niliomba tuyalaze magodoro. Akasema yakilala yatachafuka, na ni ya mteja. Hapo shangazi akafungua mlango wa kushoto wa gari letu, akakaa kitini pake, akaichukua simu ya mtu yule akamrudishia kupitia dirishani.

"Khalas," akasema. "Mimi nakaa na huyu. Nitakuwa macho yake ya upande huu."

Mtu yule alisita. Nilimwona akisita. Hakuwa na ufunguo, hakuwa na mama, alikuwa na kamba tu. Na mimi sikuwa na simu yake. Tulikuwa tumebaki na fundo langu moja, na sasa lilikuwa limejipinda na sikulirudia.

"Twende," akasema.

Shangazi alitoa kichwa dirishani, kitambaa chake kikipepea, na tangu pale Buluk hadi Hai Cinema akawa ananisomea mkono.

"Anapunga chini. Punguza. Punguza, nimesema! Haya. Ameurudisha ndani. Anakata kulia. Sasa anajikuna tu, hiyo si ishara. Mkono juu! Breki, ya biniya, breki!"

Nilikanyaga kila aliposema. Sikuwa naona chochote ila maua ya bluu. Kamba haikulegea. Nisiwadanganye kwamba nilitulia, maana kila kona niliitazama kutafuta geti refu. Lakini nilikanyaga aliposema, na nikaachia aliposema.

Tulifika hotelini jua likiwa bado juu ya paa za mabati. Fundi alitoka akiwa na kitambaa cha mafuta, akasaidia kulisukuma gari hadi karakana. Shangazi alimwekea mwenye pikapu sahani ya maharagwe na chapati, akala akiwa amesimama mlangoni, anasifia chumvi. Akasema hana haja ya kitu kingine. Nikajiuliza kwa nini hana haja.

Alipokuwa akinawa mikono, nilikwenda nikafungua boneti. Nilijiambia nataka fundi alikute likiwa wazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kama betri bado ipo, ingawa mtu yule hakuligusa gari hata mara moja nisipomwona. Niliweka mkono juu yake. Ipo. Nilipoinua kichwa, nilimwona ng'ambo, mlango wa pikapu uko wazi, ameinama, anapapasa chini ya kiti alichokalia shangazi.

Akainuka. Tukatazamana, mimi mkono juu ya betri, yeye mkono chini ya kiti.

"Iko?" akauliza.

"Ipo. Yako?"

"Pesa iko yote."

"Nyinyi wawili mnatafuta nini?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Hakuna," tukasema.

Akapanda, akawasha, akaondoka na magodoro yake. Nilimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona. Kisha nikafunga milango ya gari lisilowaka, yote, nikalizunguka na kuisukuma mmoja mmoja.